Hatimkato ya mashine: vitufe 22 na silabi nzima kwa pigo moja (uzi mrefu, karibuni wadau)

#1 Mhazili wa Dom

Wakuu, habari za leo. Kwenye uzi wa ajira za makatibu muhtasi watu kadhaa waliuliza inakuwaje mwandishi wa mahakama kule Marekani ananasa kila neno linalosemwa, tena kwa kimashine kidogo ambacho hakina hata vitufe vya herufi zote. Mdau mmoja akajibu kwamba ni kuchapa kwa kasi tu. Sikubaliani naye, na kwa kuwa ndiyo kazi ninayoihangaikia kila jioni, nimeona nifungue uzi wake.

Mchapaji mzuri wa kibodi ya kawaida huenda maneno 60 hadi 80 kwa dakika. Mtu anayeongea Kiingereza bila haraka huvuka 150, na wakili anapombana shahidi maneno 200 ni ya kawaida. Cheti cha RPR kinachotolewa na NCRA, chama cha waandishi wa mahakama wa Marekani, kina mitihani mitatu ya dakika tano tano: maneno 180, 200 na 225 kwa dakika, na kila mmoja unatakiwa usahihi wa asilimia 95. Hakuna vidole vitakavyofika huko kwa kubonyeza herufi moja moja.

Kinachowafikisha ni pigo. Kwenye mashine ya hatimkato, yaani mwandiko wa mkato wa kunasa usemi, unabonyeza vitufe vyote vya silabi kwa wakati mmoja, kwa mikono miwili, kama mpiga kinanda anavyokandamiza nota kadhaa pamoja. Mashine haijali kidole kipi kilitangulia. Inasubiri mpaka vitufe vyote viachiwe, kisha inaandika vilivyobonyezwa kwa mpangilio ambao haubadiliki hata siku moja:

S T K P W H R A O * E U F R P B L G T S D Z

Hesabu, ni 22. Juu yake kuna kitufe kirefu cha namba. Konsonanti za kushoto ni za kuanzia silabi, vidole gumba vinashika irabu, na konsonanti za kulia ni za kufungia silabi. Ndiyo maana S, T, P na R zinaonekana mara mbili: T ya kuanzia na T ya kumalizia ni vitufe viwili tofauti. Neno la Kiingereza "cat" linaandikwa KAT, pigo moja. C haina kazi hapa kwa sababu kinachoandikwa ni sauti, tahajia inakuja baadaye.

#2 Kijana wa Mwanga

Mkuu hapo umeniacha. Mbona kushoto hakuna B, D, L, M wala N? Mtu akisema "black" unaandika nini?

#3 Mhazili wa Dom

Swali zuri sana mkuu, na ndipo penyewe. Herufi zilizokosekana zinaundwa kwa kuunganisha vitufe. Kushoto D ni TK, B ni PW, L ni HR, F ni TP, M ni PH, N ni TPH, G ni TKPW, J ni SKWR. Ukiyatazama hivi hivi yanatisha, lakini tazama vitufe vilivyokaa. Vimepangwa safu mbili, T iko juu ya K, P juu ya W, H juu ya R. Kidole cha pete ukikiweka katikati, kwenye mpaka wa T na K, kinabonyeza vyote viwili: umepata D. Kidole cha kati kwenye mpaka wa P na W kinakupa B. Cha shahada kwenye mpaka wa H na R kinakupa L. Kwa hiyo "bl" ni vidole viwili tu vikishuka pamoja.

Kulia nako kuna mpango wake: N ni PB, M ni PL, K ni BG, "ch" ni FP, "sh" ni RB. Basi "black" ni PWHRABG. Kwa macho ni fujo, kwa mkono ni tendo moja. "Plan" ni PHRAPB. "Dog" ni TKOG. Baada ya muda husomi tena herufi, unaona umbo.

Irabu ni hivyo hivyo. Vitufe ni vinne, A, O, E, U, na I inapatikana kwa EU. Irabu ndefu za Kiingereza zina michanganyiko yake: AEU, AOE, AOEU, OE, AOU. Hivyo "night" inakuwa TPHAOEUT.

#4 Mzee wa Tabora

Mimi ni wa enzi za Pitman, hatimkato ya kuandika kwa mkono. Tulifundishwa Chuo cha Uhazili Tabora, hatimkato ya Kiswahili na ya Kiingereza, maneno 80 na baadaye 100 kwa dakika. Mstari mwembamba ni P, ukiukoleza ni B. Irabu ni vinukta na vistari vidogo pembeni, na mwenye kasi anaviacha. Nauliza: tofauti iko wapi? Sisi nasi tuliandika sauti.

#5 Mhazili wa Dom

Shikamoo mzee wangu. Umegusa jambo kubwa. Kimawazo ni ndugu kabisa, sauti kwanza, tahajia baadaye. Tofauti iko kwa anayesoma. Maandishi ya Pitman, hasa yale yaliyoachwa bila irabu, anayesoma vizuri ni mwenyewe aliyeandika, na pengine akiwa bado anakumbuka kikao kilihusu nini. Kisha anakaa chini kuchapa upya, saa moja ya kikao inakula saa kadhaa za mezani. Mashine inatoa alama zilezile kwa mikono yote: KAT ya huyu ni KAT ya yule. Mashine za zamani zilitoa ukanda mwembamba wa karatasi, kila pigo mstari wake na kila herufi kwenye safu yake, hata mwandishi akiugua mwenzake aliyesomea aliweza kuusoma.

Tena si jambo la jana. Miles Bartholomew wa Marekani alipata hataza ya mashine yake mwaka 1879. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 Ward Stone Ireland, naye mwandishi wa mahakama, akatoa mashine nyepesi ambayo mpangilio wake ndio uliozaa huu wa leo. Yaani vitufe hivi vina zaidi ya miaka 100 na havijaguswa sana.

Kilichobadilisha kila kitu ni kompyuta. Sasa pigo halikai kwenye karatasi, linakwenda kwenye kamusi. Programu inatafuta KAT, inakuta "cat", inaandika "cat" kwenye skrini hapohapo. Ndiyo maana leo kiziwi anaweza kukaa darasani au kwenye mkutano akasoma maneno ya mzungumzaji yakiwa bado ya moto. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi tukufu kuliko zote zinazofanywa na mashine hii, hata kuliko ya mahakamani.

#6 binti_Pemba

Asalaam alaykum. Nimeipenda hii ya viziwi. Ila sijaelewa kamusi. Ni ya kampuni au ya mtu mwenyewe? Na neno lisipokuwemo?

#7 Mhazili wa Dom

Waalaykum salaam dada. Kamusi ni ya mtu mwenyewe, na ni mali kubwa kuliko mashine. Mwanafunzi anaanza na kamusi ya mfumo anaousomea. Mfumo ni seti ya kanuni: sauti hii iandikwe hivi, kiambishi hiki hivi, maneno yanayofanana kwa sauti yatofautishwe hivi. Iko mifumo mingi kule Marekani, na wafuasi wake wanabishana kama mashabiki wa Simba na Yanga. Kisha miaka inavyokwenda unaongeza majina, maneno ya kitabibu, ya sheria, ya uhandisi. Wazoefu wana kamusi za maneno laki na zaidi.

Pigo lisilokuwemo linatoka lilivyo, mbichi. Skrini inakuonyesha TPHRABGT, nawe unajua hapo kamusi imekosa neno au kidole kimeteleza. Ukiteleza kuna kitufe cha nyota katikati. Nyota peke yake inafuta pigo zima la mwisho, si herufi moja. Ukiibonyeza pamoja na vitufe vingine inabadilisha maana ya pigo, ndiyo maana hutumika kutenganisha maneno yanayogongana.

Na migongano ni mingi. "Right" na "write" kwa sikio ni kitu kimoja, hivyo mfumo unaamua: RAOEUT ni hili, WRAOEUT ni lile. "There" inaandikwa THR, "their" inaandikwa THAEUR. Mgongano mbaya zaidi ni wa mipaka ya maneno. KAT ukifuata na HROG unapata "catalog". Sasa mtu akisema kweli "cat log"? Programu haijui mzungumzaji alipumua wapi. Mfumo mzuri ni ule ulioyaona haya mapema.

Kuna na vifupi. Maneno yanayojirudia kila sentensi hayaandikwi yote. T ya kulia peke yake ni "the". F ya kulia ni "of". U ni "you", EU ni "I", K ya kushoto ni "can". SKP ni "and". Nukta ni TP-PL, mkato ni KW-BG (kistari kinatenganisha vitufe vya kushoto na vya kulia). Maneno manne matano yanayotembea pamoja mahakamani yanapewa pigo moja. Hapo ndipo kasi ya kutisha inapotoka: Mark Kislingbury wa Marekani aliwekwa kwenye rekodi za Guinness mwaka 2004 kwa maneno 360 kwa dakika. Naye ni muumini mkubwa wa vifupi. Wapo walimu wanaosema vifupi vingi vinamchanganya mwanafunzi, bora aandike kila kitu kwa sauti. Mimi nipo katikati: kifupi unachokitumia kila siku kinakaa mkononi chenyewe, kile cha mara moja kwa mwezi kitakukwamisha katikati ya sentensi, na sekunde mbili za kukwama ni maneno saba hivi yaliyopotea.

#8 Kijana wa Mwanga

Hebu nipe mfano wa pigo moja lenye kanuni zaidi ya moja, nione kama nimeelewa.

#9 Mhazili wa Dom

Chukua "meeting". "Meet" ni PHAOET: PH ni M, AOE ni irabu ndefu, T ya kulia. Kimalizio "-ing" kinaandikwa kwa G ya kulia. Ungeweza kupiga mara mbili, PHAOET kisha G. Lakini G ina kitufe chake na kidole chake, basi unaibonyeza palepale. Matokeo ni PHAOEGT. Umeona G imetangulia T? Kwa sauti ilitakiwa ifuate, ila mpangilio wa mashine unaiweka G kabla ya T, na mashine haibadilishi mpangilio kwa ajili ya mtu. Kamusi inajua kwamba PHAOEGT ni "meeting", yaishe. Ukishaelewa hili umeelewa nusu ya mchezo.

#10 KasiKasi254

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nafanya kazi za kuandika rekodi za sauti, na swali langu ni moja. Hii yote ni Kiingereza. Kwetu hapa Ibara ya 120 ya Katiba ya 2010 inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Mbunge anaanza sentensi kwa Kiswahili anaimaliza kwa Kizungu. Mashine itafanya nini?

#11 Mzee wa Tabora

Naunga mkono swali. Dodoma nako Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya Bunge, ni ya Kiswahili. Maneno yetu ni marefu. Nitakupigia, hatukuyafahamu, walipokwisha kuwasili.

#12 Mhazili wa Dom

Hapa nitakaa kidogo, wakuu, maana ndipo roho yangu ilipo.

Kwanza habari njema. Kiswahili kina irabu tano, na mashine inazo zote tano bila kuongeza kitu: A, O, E, U na EU kwa I. Tahajia yetu inafuata sauti, kwa hiyo migongano ya "there" na "their" kwetu ni michache sana. Mwingereza anahitaji kamusi kubwa kwa sababu tahajia yake haitabiriki. Sisi tungeweza kuandika jina la mtu ambalo halimo kwenye kamusi na likatoka sawa, kwa kuunganisha silabi tu.

Shida ni wingi wa silabi. Mashine ilibuniwa kwa silabi za Kiingereza, zinazofungwa na konsonanti, ndiyo maana mkono wa kulia una vitufe kumi vya kufungia. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu. "Nitakupigia" ni ni-ta-ku-pi-gi-a, silabi sita. Ukipiga silabi kwa silabi, mkono wa kulia umekaa bure na neno moja limekula mapigo sita. Kwa mwendo huo humfikii mbunge.

Basi mkono wa kulia upewe kazi nyingine. Tazama viambishi vyetu: nafsi na wakati vinatembea pamoja siku zote. Nita-, uta-, ata-, nili-, uli-, wali-, haku-, alipo-. Kila kimoja kiwe pigo moja: konsonanti ya nafsi kushoto, irabu yake katikati, alama ya wakati kulia. TPHEUT inakuwa "nita-", TPHEUL inakuwa "nili-". Kisha kitendwa (-ku-), kisha mzizi pamoja na kimalizio (-pigia). Hapo "nitakupigia" inashuka hadi mapigo matatu. Kwenye daftari langu nimeanza kupanga hivi, na naona njia ipo.

Vifupi navyo tunavyo tele. Bungeni "Mheshimiwa Spika" inatamkwa karibu kila baada ya sentensi. PH kushoto na S kulia, pigo moja, limekwisha. "Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania" ni silabi zinazokaribia ishirini, nayo inastahili pigo moja.

Na tusidhani hakuna aliyetangulia kwa lugha ya namna yetu. Waitaliano, ambao maneno yao mengi huishia na irabu kama yetu, wana mashine ya Antonio Michela Zucco. Ilianza kutumika kwenye Seneti yao mwaka 1880 na mfumo huo upo hadi leo, sasa ukiwa umeunganishwa na kompyuta. Ina kibodi ya vitufe 20 mfano wa piano, kumi kila mkono. Wafaransa wana ya kwao ya Grandjean. Yaani kila lugha iliyotaka rekodi ya neno kwa neno ilikaa chini ikajipangia vitufe vyake. Sioni kwa nini Kiswahili, lugha ya mabunge na mahakama zetu, kisubiri.

Kwa swali la kuchanganya lugha: programu inaweza kubeba kamusi kadhaa zikiwa zimepangwa kwa kipaumbele, inatafuta kwenye ya juu kwanza. Lakini kamusi mbili zikigombea pigo moja, ya juu inashinda hata kama mbunge amehamia lugha ya pili. Inabidi pigo maalumu la kuhamisha kamusi, na mwandishi awahi kusikia kwamba lugha imebadilika. Si kazi nyepesi. Ni mazoezi.

#13 KasiKasi254

Hapo kwa viambishi umenishika. Sasa tuambie ukweli, mambo ya akili bandia yakiandika sauti yenyewe, haya yote ya nini?

#14 Mhazili wa Dom

Inasaidia, siikatai, hata mimi naitumia kwa sauti safi ya mtu mmoja. Mahakamani watu wanaongea kwa kupishana, shahidi ananong'ona, mwingine anakohoa juu ya neno lenye uzito wa kifungo. Mwandishi aliyepo chumbani anaweza kuinua mkono na kusema "rudia". Halafu anatia saini kwamba rekodi hii ni sahihi, na akiitwa anawajibika. Mashine haiwajibiki.

#15 binti_Pemba

Nataka kuanza. Vifaa vinapatikana vipi? Nasikia mashine ni ghali.

#16 Mhazili wa Dom

Za kitaalamu ndiyo, ni dola elfu kadhaa. Ila tangu mwaka 2010 kuna Plover, programu ya bure iliyoanzishwa na Mirabai Knight, mwandishi wa hatimkato wa New York, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Inageuza kibodi ya kompyuta kuwa mashine ya hatimkato. Q na A zinakuwa S, W inakuwa T, S inakuwa K, E inakuwa P, D inakuwa W, R inakuwa H, F inakuwa R. C na V ni A na O, N na M ni E na U. Safu ya namba yote inakuwa kitufe cha namba. Kamusi yake ya kuanzia ni ya Kiingereza, ila ni faili la kawaida unaloweza kulifungua, kuongeza na kutengeneza lako. Za viambishi vya Kiswahili mimi naziweka humohumo.

Angalizo moja: kibodi nyingi za bei ya chini haziwezi kusoma vitufe vingi vikibonyezwa pamoja. Fungua ukurasa mtupu, bonyeza A, S, D, F, J, K, L pamoja uone ngapi zinatokea. Zikitokea pungufu, mapigo makubwa kama SKWR pamoja na irabu na kimalizio yatakuwa yanakatika, utadhani ni mkono wako kumbe ni kifaa. Jumuiya ya Open Steno ina watu wanaotengeneza kibodi ndogo za vitufe vya hatimkato pekee, kwa sehemu ndogo sana ya bei ya mashine ya mahakamani.

Usianze na kasi. Wengi wanaoacha wameanza na kasi. Kule Marekani shule yenyewe mara nyingi inachukua miaka miwili hadi minne, na wanaoacha njiani ni wengi. Anza na vitufe vyenyewe kama vilivyo, maneno ya KAT na SAT na TOP. Kisha kushoto D, B na L, zile za kidole kimoja mpakani. Kisha kulia N na K. Irabu ndefu baadaye. Dakika ishirini kila siku zinazidi saa tatu za Jumamosi, kwa sababu vidole vinajifunza usingizini.

#17 Kijana wa Mwanga

Nimeijaribu sasa hivi kwa kibodi ya laptop. Vitufe saba nimebonyeza, vimetoka sita. Kwa hiyo nifanyeje?

#18 Mhazili wa Dom

Sita si haba mkuu, KAT ni vitatu, TKOG ni vinne, utamaliza masomo ya mwanzo yote. Jaribu na makundi mengine ya vitufe, maana laptop nyingi hugoma kwenye mchanganyiko fulani na kukubali mwingine. Ukikwama, weka hapa pigo kama lilivyotoka kwenye skrini na neno ulilokuwa unalitaka. Mzee wa Tabora, nakuomba nawe uwe unatupatia sentensi zile za majaribio za maneno 80 mlizokuwa mnasomewa, tuzigeuze mapigo humu humu.